Chuo Kikipanuka, Barabara ya Nje Analipa Nani?

Mwaka 1994 jeshi la Marekani lilifunga kambi ya Fort Ord, pwani ya California. Mwaka uliofuata chuo kikuu kipya, California State University, Monterey Bay, kikaanza masomo humo humo. Baadaye bodi ya vyuo vikuu vya jimbo ikapitisha mpango wa kukikuza hadi wanafunzi 25,000. Ripoti ya athari kwa mazingira ilikiri kwamba barabara za miji jirani zingeelemewa na huduma za zimamoto zingehitaji kuongezwa. Ila bodi ikagoma kuchangia chochote nje ya uzio wake. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha ya umma iliyotengwa kwa elimu, ukiitumia kujenga barabara za mamlaka nyingine, unakuwa umeigawa zawadi kinyume cha katiba.

Mji wa Marina ulikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya California ikaitupa hoja hiyo: wajibu wa kupunguza madhara haukomi getini. Bodi hiyo hiyo ilirudi na hoja nyingine kuhusu upanuzi wa chuo cha San Diego, safari hii ikidai haina la kufanya mpaka bunge la jimbo liitengee fungu maalumu. Mwaka 2015 ikashindwa tena.

Nimeanza na kesi hizi kwa sababu ripoti nyingi za upanuzi wa vyuo huandikwa vizuri kuhusu majengo, kisha zikifika barabarani hunong'ona. Tena hata zinapohesabu, mara nyingi huhesabu kitu kisicho chenyewe. Kwa miaka mingi wahandisi walipima athari ya mradi kwa kuangalia dereva anacheleweshwa sekunde ngapi kwenye makutano, wakayapa makutano hayo alama kuanzia A hadi F. Ukitumia kipimo hicho, dawa ni moja tu, kupanua barabara. Barabara ikipanuka, magari huongezeka, na mwanafunzi anayevuka kwa miguu hulazimika kupita njia nne badala ya mbili. Kichekesho ni kwamba hosteli iliyojengwa jirani na chuo hupata alama mbaya, kwa kuwa inaongeza magari machache kwenye makutano ya karibu, ilhali ile ya kilomita kumi na tano hutawanya foleni yake mahali ambapo hakuna anayepima.

California ilikiacha kipimo hicho kwa sheria ya mwaka 2013, na tangu Julai 2020 tathmini za mazingira huko hutazama jumla ya umbali ambao mradi utayafanya magari yatembee. Kwa kipimo hiki kipya hosteli ya jirani hushinda. Mwanafunzi anayelala karibu anatembea.

Hapo ndipo kisa cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kinapofundisha. Mpango wa chuo hicho wa mwaka 2005 ulitarajia wanafunzi wapatao 33,450 kufikia 2020, lakini idadi ikapita 40,000. Wakazi wakashtaki, na Agosti 2021 jaji akaamuru jumla ya wanafunzi isizidi 42,347. Tarehe 3 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilikataa kusimamisha amri hiyo. Siku kumi na moja baadaye gavana akasaini sheria mpya iliyoiondolea nguvu. Kwa maoni yangu wakazi walikuwa na swali sahihi, ila tiba waliyopata ilikuwa mbovu. Tatizo la Berkeley lilikuwa vitanda, maana chuo kilikuwa na nafasi za malazi kwa chini ya robo ya wanafunzi wake. Kumfungia mtu udahili hakujengi chumba.

Kwetu Tanzania, hosteli za Dkt. Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ziliwekewa nafasi ya wanafunzi 3,840. Zilisifiwa kama mradi wa malazi, na ni sawa, lakini kila kitanda ndani ya kampasi kinapunguza safari za daladala au bajaji kwenda na kurudi. Pale vitanda visipotosha kuna njia nyingine: University of Washington, mjini Seattle, tangu 1991 imekuwa ikiwapa wanafunzi na wafanyakazi pasi nafuu ya basi, huku ada za maegesho zikichangia gharama.

Mbali na barabara kuna maji ya mvua. Hayana wakili, kwa hiyo husahauliwa. Paa na lami havinywi mvua. Kiwanja kilichokuwa na nyasi kikifunikwa, maji yaliyokuwa yakizama taratibu hushuka kwa kasi kwenye nyumba za bondeni. Bwawa la kuyapunguzia mwendo na matangi ya kuvuna maji ya paa ni rahisi kuyapanga wakati ramani bado iko mezani. Baada ya mafuriko ya kwanza huwa ni fidia na kubomoa.

Haya yanatuhusu sasa hivi. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, Tanzania inajenga na kupanua kampasi za vyuo vya umma, zikiwamo za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mikoani Lindi na Kagera. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ya namna hii ifanyiwe tathmini na wananchi washirikishwe. Kwenye mikutano ya kuwashirikisha, watu huuliza ajira na fidia, na wana haki. Ukialikwa, uliza pia wanafunzi watalala wapi, watavukia wapi barabara kuu, maji ya mvua yataelekezwa kwa nani, na barabara ya kuingilia iko kwenye bajeti ya chuo, au ya wakala wa barabara, TANROADS au TARURA. Usikubali jibu la mdomo. Dai liandikwe ndani ya ripoti, pamoja na jina la taasisi itakayolipa na mwaka itakaolipa.