Govi la Mtoto Lina Wakati Wake

Mama anamwogesha mwanawe wa miezi minane, na kando yake yupo mtu wa kumshauri: shangazi, jirani, pengine hata muuguzi. Livute govi nyuma kidogo, anaambiwa, umsafishe ndani, la sivyo uchafu utaganda na mtoto ataugua. Mama anavuta. Mtoto analia, ngozi inachanika, kesho yake imevimba na kuwa nyekundu, na sasa nyumba nzima inaamini kwamba mtoto alikuwa na ugonjwa tangu mwanzo. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini umewaletea wavulana wengi maumivu ambayo govi lao, lingeachwa, lisingewaletea.

Jambo hili linahusu nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Zipo familia zinazomtahiri mtoto akiwa bado mchanga. Zipo jamii zinazongoja jando. Kwa Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda, kijana huingia toharani akiwa tayari anaelewa kinachompata. Na zipo jamii, kama Wajaluo, ambazo mila zao hazikuwa na tohara kabisa. Kwa hiyo wavulana wengi, hata wale watakaotahiriwa baadaye, hukaa miaka mingi ya utoto wakiwa na govi, na mzazi anahitaji kujua kipi katika miaka hiyo ni cha kawaida na kipi ni cha kumpeleka hospitali.

Govi huanza kuota mimba ikiwa na wiki nane hivi. Ngozi hukua kutoka shinani mwa kichwa cha uume, ikisogea mbele, na kufikia karibu wiki ya 16 huwa imekifunika chote. Upande wa ndani wa govi na uso wa kichwa cha uume huumbika pamoja, vikiwa na tabaka moja la seli. Ndiyo maana mtoto anapozaliwa hakuna nafasi kati ya viwili hivyo. Mfuko ambao watu wanataka kuusafisha bado haujaumbika.

Kutengana kwa govi na kichwa cha uume huja polepole. Ndani ya tabaka lile la pamoja, seli hukakamaa na kufa katika vikundi vidogo vya mviringo, na katikati ya kila kikundi hubaki uwazi. Nafasi hizo huongezeka, hukutana, na sehemu kwa sehemu govi linaachana na kichwa cha uume. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi anajua jinsi ganda lilivyoshikana na nyama yake. Ndizi hiyo hiyo ikiiva, ganda huachia lenyewe. Mdomo wa govi nao huwa mwembamba katika miaka ya mwanzo, na wembamba huo una kazi: hukikinga kichwa cha uume na tundu la mkojo dhidi ya mkojo na kinyesi vinavyokaa kwenye nepi.

Basi govi linatakiwa kufunguka lini? Mwaka 1949 Douglas Gairdner, daktari wa watoto mjini Cambridge, alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza makala iliyobadilisha desturi ya nchi yake. Aliwachunguza watoto wachanga 100 na akakuta kwamba ni wanne tu ambao govi lao liliweza kurudi nyuma kabisa. Akaonyesha pia kwamba England na Wales zilikuwa zikipoteza takriban watoto wadogo 16 kila mwaka kutokana na tohara, wengi kwa sababu ya dawa za usingizi za zama zile. Tohara ya kila mtoto mchanga ikapungua sana Uingereza, na huduma ya afya ya taifa haikuigharamia pale ambapo hapakuwa na ugonjwa.

Lakini makala hiyo hiyo ilipanda mbegu ya kosa. Gairdner aliandika kwamba mtoto akifika miaka mitatu, govi linarudi nyuma kwa watoto tisa kati ya kumi, na akashauri kwamba kuanzia umri huo lile ambalo bado limeshikana lisaidiwe kutoka. Hesabu yake ilikuwa na dosari: katika uchunguzi wake alitumia kifaa chembamba kuachanisha ngozi iliyokuwa bado imeshikana, hivyo baadhi ya magovi aliyoyahesabu kuwa yamefunguka aliyafungua yeye. Takwimu hiyo ikaingia katika vitabu vya udaktari na uuguzi, na kutoka vitabuni ikafika kliniki na majumbani. Mtoto wa miaka minne ambaye govi lake halirudi akawa mgonjwa kwa sababu ya jedwali.

Jakob Øster wa Denmark ndiye aliyeleta picha iliyo karibu zaidi na ukweli. Aliwafuatilia wavulana wa shule kwa miaka kadhaa, akiwapima mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1968 akatoa matokeo. Katika umri wa miaka sita hadi saba, asilimia 63 ya wavulana bado walikuwa na sehemu ya govi iliyoshikana na kichwa cha uume. Kufikia miaka 16 hadi 17, waliobaki hivyo walikuwa asilimia tatu tu. Wale ambao mdomo wa govi ulikuwa mwembamba mno walishuka kutoka asilimia nane hadi moja. Mwaka 1996 Hiroyuki Kayaba na wenzake nchini Japani waliwapima wavulana 603 tangu wachanga hadi miaka 15. Katika kundi la umri wa miaka 11 hadi 15, ni kama asilimia 63 tu ambao govi lao lilirudi nyuma kabisa. Yaani hata katika umri wa kubalehe, zaidi ya theluthi moja govi lao lilikuwa bado halijafunguka kabisa, na hilo halikuwafanya wagonjwa.

Anayelilazimisha govi lililoshikana huacha pande mbili zenye majeraha zikigusana. Majeraha yakipona, pande hizo zinaweza kugandana upya, safari hii kwa kovu. Mdomo wa govi ukichanika huweza kupona ukiwa na utepe mgumu usionyumbuka, na hapo mtoto aliyekuwa mzima anapata kasoro ya kweli. Hatari ya tatu ndiyo ya haraka zaidi: govi jembamba linavutwa nyuma likakwama shingoni mwa kichwa cha uume, mbele panavimba, na kadiri panavyovimba ndivyo linavyozidi kushindwa kurudi. Madaktari huiita parafimosi. Mtoto apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe mpaka asubuhi, kwa kuwa damu inaweza kushindwa kupita. Wahudumu wa afya nao wanahusika hapa: wengine hulivuta govi wakati wa kupima au kukinga mkojo, na mzazi ana haki ya kusema kwa heshima kwamba lisivutwe.

Vipo vitu vingine vinavyowatia wazazi hofu ambavyo si ugonjwa. Cha kwanza ni uvimbe mdogo mweupe au wa manjano hafifu unaoonekana chini ya ngozi ya govi, kama punje. Wengi huudhani ni usaha. Kwa kawaida ni zile seli zilizokufa wakati wa kutengana, zimekusanyika mahali pamoja, na siku moja hujitokea zenyewe. Hazina vijidudu vya kuogopa, wala hazihitaji kukamuliwa. Usaha wa kweli huja pamoja na wekundu, joto na maumivu. Cha pili ni govi kujaa kama puto mtoto anapokojoa. Hilo hutokea pale ambapo nafasi ya ndani imeanza kufunguka kuliko mdomo. Kama mkojo unatoka bila mtoto kujikamua na bila maumivu, hali hiyo hupita yenyewe.

Maambukizi ya kweli yapo, na sitaki mzazi yeyote ayapuuze. Yanayotokea mara nyingi zaidi ni kuvimba kwa govi na kichwa cha uume, ambako huwapata takriban wavulana wanne kati ya mia wasiotahiriwa, hasa kati ya miaka miwili na mitano. Ncha ya uume huwa nyekundu na kuvimba, mtoto hulia akikojoa au hubana mkojo kwa kuogopa kuwashwa, na wakati mwingine majimaji au usaha hutoka. Visababishi ni vingi. Sabuni kali na sabuni za manukato huongoza kwa kuchokoza ngozi. Nepi iliyolowa kwa muda mrefu huleta wekundu na fangasi. Bakteria aina ya streptokoka, wale wale wanaoumiza koo, husafiri kwa vidole vya mtoto mwenyewe. Na bado kuna mikono ya watu wazima iliyovuta.

Mara nyingi matibabu ni mepesi. Sabuni iachwe, mtoto akalishwe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu kwa siku, na kama anaogopa kukojoa aruhusiwe kukojoa humo humo majini. Kama hakuna nafuu baada ya siku moja au mbili, au wekundu unapanda shina la uume, au ana homa, aonwe na daktari, ambaye ataamua kama inahitajika krimu ya fangasi au dawa ya kuua bakteria. Kununua antibiotiki dukani kwa kukisia si tiba. Fangasi wanaorudi rudi kwa mtoto aliyeacha nepi zamani, hasa akiwa na kiu kali na kukojoa sana, ni sababu ya kumpima sukari siku hiyo hiyo, maana kisukari cha utotoni wakati mwingine hujitambulisha hivyo. Na mvulana wa maeneo yenye kichocho, kama Pemba au Kwale, anayekojoa damu mwishoni mwa mkojo hana tatizo la govi, apimwe kichocho.

Maambukizi ya njia ya mkojo yanahitaji kuelezwa kwa uaminifu, kwa sababu hapo govi lina mchango. Thomas Wiswell, daktari wa jeshi la Marekani, alionyesha mwaka 1985 kwamba watoto wachanga wasiotahiriwa walipata maambukizi hayo zaidi ya waliotahiriwa, na tafiti za baadaye zimelithibitisha. Lakini tofauti hiyo iangaliwe pamoja na ukubwa wa hatari yenyewe. Kwa mvulana mzima wa kawaida hatari hiyo ni ndogo, yapata mmoja kati ya mia. Uchambuzi wa tafiti 12 uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba ingebidi watahiriwe watoto 111 ili kumwepusha mmoja na maambukizi hayo. Kwa mtoto ambaye mkojo wake hurudi kwa nguvu kutoka kibofu kwenda figo, hesabu ilishuka hadi wanne. Huyo wa pili daktari anaweza kumshauri mzazi wake juu ya tohara kwa sababu ya figo zake. Yule wa kwanza hana sababu hiyo. Kwa wote wawili, mtoto mchanga mwenye homa isiyo na chanzo kinachoonekana anahitaji kupimwa mkojo pamoja na malaria. Figo za watoto huharibika pale ambapo kila homa huitwa malaria.

Upo pia ubanano wa govi ambao ni ugonjwa. Mdomo wa govi unageuka mweupe, mgumu, wenye kovu, mara nyingi kwa mvulana ambaye govi lake lilikuwa likirudi vizuri kisha likagoma. Madaktari huuita likeni sklerosasi. Hautokani na uchafu, huwapata wachache, kwa kawaida baada ya miaka mitano, na unaweza kuziba tundu la mkojo. Tiba yake ya kawaida ni tohara. Kwa ubanano usio na kovu kwa mvulana mkubwa anayepata shida, krimu ya steroidi kama betamethasoni, ikipakwa kwa wiki nne hadi nane chini ya uangalizi wa daktari, huwafungua walio wengi bila kisu. Mtoto wa miaka miwili asiyelalamika haihitaji.

Kuhusu tohara, familia nyingi huifanya kwa dini na kwa mila, na makala haya hayagusi sababu hizo. Tafiti zilizofanyika Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini zilionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa msingi huo. Ushahidi ule ni wa vijana na watu wazima. Hausemi chochote kuhusu mtoto wa miaka mitatu ambaye govi lake bado limeshikana, na ni vibaya kuutumia kumtisha mama yake. Lakini lipo jambo moja ambalo kila ngariba na kila tabibu analazimika kulitazama kabla ya kukata: kama tundu la mkojo liko upande wa chini wa uume badala ya kuwa kwenye ncha, mtoto asitahiriwe. Daktari wa upasuaji atalihitaji govi hilo kulijengea tundu mahali pake.

Katika miaka yote kabla ya kufunguka, matunzo ni kuosha nje tu, kwa maji safi, kama unavyoosha kidole. Wa kwanza kulivuta govi nyuma awe mtoto mwenyewe, siku atakayoona linaenda bila kuuma, na wengi hugundua hilo peke yao wakioga. Hapo ndipo afundishwe, na baba, mjomba au kaka afanye kazi hiyo pale ambapo mama anaona haya: alivute hadi linapokubali, asuuze kwa maji bila sabuni, akaushe, kisha alirudishe mbele kila mara, kwa sababu govi lililosahauliwa nyuma ndilo linalovimba na kukwama.