Kukokotoa Ukubwa wa Betri ya Akiba ya King'ora cha Moto

Umeme ukikatika usiku bwenini, taa huzimika. Mfumo wa king'ora cha moto haupaswi kuzimika; hapo huanza kutumia betri ya akiba. Je, betri hiyo iwe na ukubwa gani?

Kanuni: Chaji = mkondo × muda (Q = It)

Mkondo ukiwa katika ampea (A) na muda katika saa (h), chaji hupatikana katika ampea-saa (Ah). Kumbuka: 1 Ah = kulombi 3600.

Mfumo huwa na hali mbili: kusubiri kimya na kulia. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 72 hudai, kwa ving'ora vya kawaida, betri ihimili saa 24 za kusubiri, kisha dakika 5 za kulia.

Mfano
Mfumo wa volti 24 una paneli inayotumia 0.14 A na vitambuzi vya moshi 20, kila kimoja 0.5 mA. King'ora kikilia, mfumo wote hutumia 1.2 A. Ongeza asilimia 25 kwa ajili ya kuzeeka kwa betri. Dukani kuna betri za volti 12 zenye 4 Ah, 7 Ah na 12 Ah. Chagua inayofaa.

Suluhisho
1. Mkondo wa kusubiri: 0.14 + (20 × 0.0005) = 0.15 A
2. Chaji ya kusubiri: 0.15 × 24 = 3.6 Ah
3. Chaji ya kulia: 1.2 × 5/60 = 0.1 Ah
4. Jumla: 3.7 Ah
5. Pamoja na nyongeza: 3.7 × 1.25 = 4.625 Ah

Chagua betri mbili za 7 Ah, uziunge kwa mfululizo ili upate volti 24.

Linganisha hatua ya 2 na ya 3. Kelele hutumia chaji kidogo. Kinachomaliza betri ni kusubiri kimya.

Makosa ya kuepuka
- Kuzidisha 1.2 × 5 bila kugeuza dakika kuwa saa.
- Kusema betri mbili za mfululizo hutoa 14 Ah. Volti hujumlishwa, ampea-saa hubaki 7.
- Kuchagua 4 Ah kwa sababu inazidi 3.7. Betri hiyo ikizeeka na kubaki na asilimia 80, ina 3.2 Ah tu. Gawanya kwa 0.15 A: itaisha baada ya saa 21 hivi. Moto ukizuka saa ya 22, wanafunzi wamelala na king'ora hakitalia.

Jaribu mwenyewe
Mkondo wa kusubiri ni 0.25 A na wa kulia ni 1.8 A. Masharti mengine ni yaleyale. Chagua betri.

*Jibu:* (6.0 + 0.15) × 1.25 = 7.69 Ah. Betri ya 7 Ah haitoshi. Chagua ya 12 Ah.