Bendi Imevunjika, Hesabu Hazijafungwa

Juni 2015 Virgin Money ya Uingereza ilitoa kadi za mkopo zenye michoro ya santuri za Sex Pistols. Hili ni kundi lililopata jina kwa kumkejeli kila mwenye heshima nchini humo, kuanzia Malkia kushuka chini, na mwaka huo picha zake zikawa zinakaa kwenye pochi karibu na kitambulisho cha kazi. Mashabiki wa zamani wapo waliokasirika, wapo waliocheka. Mhasibu angeuliza lake: kundi lililorekodi albamu moja tu ya studio, likasambaratika Januari 1978 baada ya onyesho la San Francisco, limebakiwa na nini cha kukodisha miaka 37 baadaye?

Biashara ya muziki wa roki ina makundi mengi ya namna hiyo. Cream ya London ilidumu tangu katikati ya 1966 hadi Novemba 1968. Buffalo Springfield ya Los Angeles, iliyowatoa Neil Young na Stephen Stills, iliishi kipindi hichohicho. Blind Faith haikufikisha hata mwaka. Juni 1969 ilipiga Hyde Park mbele ya watu wapatao 100,000, ikatoa albamu moja iliyoshika namba moja Uingereza na Marekani, ikazunguka Marekani, na Agosti ilipokwisha nayo ilikuwa imekwisha. Kiwanda kikifungwa baada ya miaka miwili huacha madeni na mashine zenye kutu. Bendi ya roki ikifungwa, ghala lake huendelea kuuza, na hapo ndipo wenyewe huanza kuulizana nani mwenye ghala.

Ukifuatilia magomvi hayo, karibu yote yanarudi kwenye karatasi zilizosainiwa katika miezi ya mwanzo, wakati bendi haina thamani na vijana wanne wanachowaza ni nauli ya kwenda kwenye onyesho la kesho. Mara nyingine tatizo ni karatasi ambazo hazikuandikwa kabisa.

Mwanzo wa yote ni kwamba wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki, ambao ni wa mtunzi na kampuni inayosimamia kazi zake. Halafu kuna rekodi yenyewe, ile masta, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni iliyolipia studio, na wanamuziki hupata mrabaha wa asilimia fulani baada ya kampuni kujirudishia gharama zake. Redio ya kawaida ya Marekani ikipiga wimbo humlipa mtunzi na msimamizi wake tu. Aliyepiga gitaa, besi au drams hapati senti kutoka kwenye redio hiyo. Kwa hiyo vijana wanne wanaopanda jukwaa moja na kulala kwenye gari moja wanaweza kuwa na vipato vinne tofauti, na mara nyingi hawajui hivyo mpaka hundi za kwanza zifike.

Mfano unaofundisha zaidi ni Ginger Baker, mpiga drams wa Cream. Nyimbo nyingi za kundi ziliandikishwa kwa jina la Jack Bruce, mpiga besi, pamoja na mshairi Pete Brown. Baker alilalamika hadi uzeeni kwamba mchango wake haukuhesabiwa. Ule utangulizi wa mapigo matano wa “White Room” alidai ni wake, ila sheria haioni hivyo: mdundo wa drams huhesabiwa kuwa sehemu ya upigaji, na utunzi ni kitu kingine. Mwenyewe naona malalamiko yake yalikuwa na hoja kimuziki na hayakuwa na hoja kisheria, na kati ya hayo mawili ndipo pesa zake zilipopotelea. Baada ya Cream alivuka Sahara kwa gari hadi Lagos, akarekodi na Fela Kuti, akafungua studio huko. Paul McCartney aliitumia kwa wimbo mmoja mwaka 1973 alipokwenda Nigeria kurekodi “Band on the Run”. Studio hiyo haikumtajirisha, na miaka mingi baadaye alikuwa Afrika Kusini akifuga farasi wa polo, mchezo ambao haujawahi kuokoa mfuko wa mtu.

Eric Clapton, wa tatu wao, alikuwa na maduka mengine. Hata hivyo Mei 2005 watatu hao walirudi Royal Albert Hall, ukumbi waliouagia mwaka 1968, kwa maonyesho manne, na Oktoba wakapiga mengine matatu Madison Square Garden, New York. Miaka miwili ya kazi ilikuwa imetengeneza uhaba wa miaka 37, na watu wanalipia uhaba.

Uhaba huo una upande mwingine ambao wafanyabiashara wa katalogi wanaujua vizuri. Kundi lililokufa mapema halikupata muda wa kutoa albamu mbovu. Mnunuzi wa leo akitaka kazi za Cream anakutana na albamu nne tu, na hakuna ya miaka ya 1980 yenye sinthesaiza za aibu. Ghala dogo, bidhaa karibu zote zinatoka. Wakubwa waliodumu miaka 50 wana albamu kadhaa ambazo hata wenyewe hawazitaji.

Serikali nazo zimesaidia. Uingereza hakimiliki ya rekodi ilikuwa inadumu miaka 50. Kwa hesabu hiyo rekodi za kwanza za Cream, zilizotoka 1966, zingekuwa huru mwisho wa 2016, yeyote azitoe bila kumlipa mtu. Kampuni kubwa zilishinikiza, Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo mwaka 2011, na Uingereza ikaongeza muda hadi miaka 70 kuanzia Novemba 2013. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuwasaidia wanamuziki wazee, na ni kweli baadhi walisaidika. Aliyefaidika zaidi ni mwenye masta, na mwenye masta kwa kawaida hapigi chombo chochote.

Kwa bendi ambazo hazikuandika kitu, kesi ya kusoma ni ya The Smiths ya Manchester, iliyoishi 1982 hadi 1987 na kutoa albamu nne. Morrissey na Johnny Marr ndio waliokuwa watunzi, na utunzi wao haukupingwa na mtu. Ubishi ulikuwa kwenye mapato ya rekodi na maonyesho. Wawili hao walichukua asilimia 40 kila mmoja, wakawaachia mpiga besi Andy Rourke na mpiga drams Mike Joyce asilimia 10 kila mmoja. Rourke, akiwa na dhiki, alimaliza shauri lake mwaka 1989 kwa pauni 83,000 na kukubali asilimia 10 yake iendelee. Joyce alisubiri, akaenda Mahakama Kuu.

Silaha yake ilikuwa Sheria ya Ubia ya 1890, iliyotungwa kwa wenye maduka na karakana wa enzi ya Malkia Victoria. Inasema kwamba wabia wasipokubaliana vinginevyo, faida inagawanywa sawasawa. Morrissey na Marr walishindwa kuonyesha kwamba Joyce aliwahi kukubali asilimia 10. Desemba 1996 jaji akampa robo yake, jumla ikikadiriwa kufika pauni milioni 1, na rufaa ya Morrissey ikagonga mwamba mwaka 1998. Tofauti kati ya Joyce na Rourke haikuwa ya kipaji wala ya mchango. Mmoja aliweza kuvumilia miaka saba bila kushika pesa, mwingine hakuweza. Mtu aliyezoea dansi la Dar es Salaam atakumbuka utaratibu uliokuwa wazi zaidi: vyombo vya NUTA Jazz vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki akipokea mshahara, na akiondoka anajua ameacha nini.

Sex Pistols walipata somo lao kwa njia ya kuchekesha zaidi. EMI iliwasaini Oktoba 1976, wakatukana kwenye televisheni Desemba, na Januari EMI ikawaacha, pauni 40,000 za malipo ya awali zikabaki upande wao. Machi 1977 A&M ikawasaini nje ya Kasri la Buckingham, mbele ya wapiga picha. Haikupita wiki, mkataba ukavunjwa kwa pauni 75,000, na shehena ya nakala 25,000 hivi za “God Save the Queen” ikaharibiwa. Nakala chache zilizonusurika leo huuzwa kwa maelfu ya pauni. Virgin ikawachukua Mei. Meneja wao, Malcolm McLaren, alijivunia sana kulipwa na kampuni mbili kwa kutofanya kazi, ila pesa zilipitia kampuni yake mwenyewe, Glitterbest. Mwimbaji John Lydon alimshitaki, na ilikuwa 1986, miaka minane baada ya bendi kufa, ndipo wanakikundi walipopata haki zao mkononi.

Walijifunza. Waliporudiana mwaka 1996 hawakuficha kwamba wamefuata fedha, na mwaka 1998 wakaandika makubaliano kwamba mambo ya bendi yataamuliwa kwa kura ya wengi. Karatasi hiyo ilikuja kumgeukia Lydon. Mwongozaji Danny Boyle alipotaka nyimbo zao kwa tamthilia ya televisheni, Lydon akakataa, wenzake Steve Jones na Paul Cook wakamshitaki, na Agosti 2021 Mahakama Kuu ikasema kura ya wengi ni kura ya wengi.

Joy Division, nao wa Manchester, waliishia Mei 1980 kwa kifo cha mwimbaji wao Ian Curtis, na waliobaki wakaendelea kama New Order. Kampuni yao, Factory, ilikuwa na falsafa ya ajabu kwamba wanamuziki ndio wenye kazi zao. Factory ilipofilisika 1992, London Records iliyokuwa inataka kuinunua ilikuta kitu cha thamani zaidi hakimo kwenye vitabu vya kampuni. Kwa mwenye kampuni yalikuwa maafa, kwa bendi ilikuwa akiba. Jalada la “Unknown Pleasures”, ile michirizi myeupe ya mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota, limekuwa fulana inayovaliwa na vijana ambao hawajawahi kusikia wimbo hata mmoja. Ukiwa na subira unaweza kuikuta kwenye mitumba ya Gikomba au Karume.

Lakini hakuna hesabu iliyochukua muda kufungwa kama ya Creedence Clearwater Revival, vijana wa El Cerrito, California. Wakiwa na jina hilo walirekodi kwa miaka isiyozidi mitano, 1968 hadi 1972, na mwaka 1969 pekee walitoa albamu tatu. John Fogerty alitunga, akaimba, akapiga gitaa na kuongoza studio. Kaka yake Tom alichoka kukaa pembeni akaondoka 1971. Kwa albamu ya mwisho John aliwapa wawili waliobaki nafasi sawa ya kutunga na kuimba, na matokeo yakawa albamu inayodharauliwa kuliko zote. Wanaopigania usawa ndani ya bendi wangetafakari hapo kidogo.

Mkataba wao ulikuwa na Fantasy Records, chini ya Saul Zaentz, na Fantasy ilishika vyote viwili: masta na utunzi. Akiba ya wanamuziki ilipelekwa kwenye Castle Bank ya Bahamas kukwepa kodi, benki ikaanguka na akiba ikaenda nayo. Zaentz kwa upande wake aligeukia filamu, na “One Flew Over the Cuckoo’s Nest” ikamletea Oscar. Fogerty, ili aachiwe huru na Fantasy, mwaka 1980 alikubali kuachia hata mrabaha wake. Kwa miaka mingi akakataa kuimba nyimbo zake jukwaani, kwa kuwa kila akiziimba, mwenye utunzi ndiye anayelipwa.

Kisha ikaja kesi ambayo wanasheria bado wanaifundisha. Fogerty alitoa wimbo mpya mwaka 1985, na Fantasy ikamshitaki kwamba ameiga wimbo wa zamani wa Creedence, ambao aliutunga yeye mwenyewe. Akaingia na gitaa mahakamani San Francisco, akawaonyesha wazee wa baraza kwamba huo ndio mtindo wa mkono wake na hana mwingine. Alishinda 1988. Akadai gharama za mawakili, zilizopita dola milioni 1, na shauri hilo likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoamua 1994 kwamba mshitakiwa aliyeshinda ana haki ya kufikiriwa sawa na mshitaki aliyeshinda.

Mwaka 2004 kampuni ya Concord iliinunua Fantasy na kumrudishia Fogerty mrabaha wake. Mkusanyiko wa nyimbo zao, “Chronicle” wa 1976, wakati huo wote ulikuwa unauzwa bila kupumzika, na mamia ya wiki zake kwenye orodha ya Billboard yanaendelea kuongezeka. Januari 2023, akiwa na miaka 77, Fogerty alinunua kutoka Concord sehemu kubwa ya haki za utunzi wake. Masta hazikuwa kwenye mauzo hayo. Basi aliingia studio na wanawe, akazirekodi upya nyimbo 20 za Creedence na kuzitoa mwaka 2025, ili safari hii rekodi yenyewe iwe na jina lake kwenye karatasi.