Nietzsche: jina adimu lililotoka kwenye kalamu ya karani

Katikati ya jina Nietzsche zimejipanga konsonanti tano: t, z, s, c, h. Tano zote hutoa sauti moja tu, ile inayoanza neno chai. Mswahili angeandika Niche na kufunga daftari. Karani wa Saksonia wa karne ya 16 au ya 17 hakuwa na haraka hiyo, na wino wenyewe haukuwa wake. Bila kumwelewa karani huyo, ni vigumu kuelewa kwa nini jina hili limekuwa adimu.

Na adimu ni adimu kweli. Umaarufu wa mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, aliyezaliwa 1844 na kufariki 1900, huwafanya wengi wadhani Ujerumani imejaa akina Nietzsche. Haikujaa. Jina linaloongoza huko ni Müller, msaga nafaka, likifuatwa na Schmidt, mhunzi, na Schneider, mshona nguo. Wataalamu wa majina walipokusanya takwimu za laini za simu za mezani za mwaka 2005, Müller peke yake alikuwa na laini zaidi ya 250,000, na laini moja ya nyumbani huhesabiwa kuwa na watu karibu watatu nyuma yake. Nietzsche, kwa tahajia hiyo ya mwanafalsafa, ni jina la kaya chache, hasa mashariki mwa nchi. Mjerumani wa Hamburg anaweza kuzeeka bila kupeana mkono na Nietzsche hata mmoja.

Cha ajabu ni kwamba mzizi wa jina hili ni miongoni mwa mizizi iliyoenea sana Ulaya nzima. Ni Nikolaus. Wasomaji wengi wa Tanzania, hasa Wakatoliki, wanamjua Nicolaus mmoja au wawili wa mtaani kwao, basi ni huyo huyo. Jina ni la Kigiriki, limeunganisha ushindi na watu, na lilibebwa na askofu wa Myra wa karne ya 4, mji uliokuwa pwani ya kusini ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari, Italia, waliyachukua masalia yake Myra na kuyapeleka kwao. Wenyeji wa Myra wangetumia neno lingine badala ya kuchukua, lakini tuliache hilo. Kutoka Bari heshima ya mtakatifu huyo ilipanda kaskazini pamoja na wafanyabiashara na mabaharia, ambao walimhesabu kuwa mlinzi wao, na kufikia karne ya 13 na ya 14 watoto wa kiume waliobatizwa Nikolaus walikuwa wengi kupita kiasi.

Hapo ndipo majina ya ukoo yanapoingia. Kijiji chenye akina Nikolaus sita hakiwezi kukusanya kodi bila kuwatofautisha. Katika miji ya magharibi na kusini ya Ujerumani watu walianza kubeba jina la pili tangu karne ya 12. Desturi ikaenea taratibu kuelekea mashariki na vijijini, na kwa Wafrisia wa pwani ya kaskazini ilibidi Napoleon atoe amri mwaka 1811 ndipo wengi wao wachukue majina ya kudumu. Jina hilo la pili lilitoka popote palipokuwa karibu: kazi ya mtu, mahali alipotoka, sura yake, tabia yake, au jina la baba yake. Wamisionari wawili ambao pwani yetu inawajua vizuri ni mifano mizuri. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, alizaliwa Gerlingen katika Württemberg, nchi ya mashamba ya zabibu, na jina lake lamaanisha mtu wa mizabibu. Mwenzake Johann Ludwig Krapf, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, alibeba jina la kulabu, au la andazi lililokunjwa kama kulabu. Yaelekea babu mmoja wa zamani aliliuza, au alilipenda mno.

Nietzsche ni wa kundi la jina la baba. Tofauti na sisi tunaoandika jina la babu katika nafasi ya tatu na kulibadilisha kila kizazi, Wajerumani waliligandisha jina la babu mmoja wa mbali na kulirithisha kwa wote waliomfuata. Nikolaus, kwa hiyo, amegandishwa mara nyingi na kwa sura nyingi, kwa sababu kila eneo lilimkata kwa namna yake. Waliotia mkazo mwishoni mwa jina walibaki na Klaus, na kutoka hapo Claus, Klaas na Clausen kwa watu wa kaskazini. Waliotia mkazo mwanzoni walibaki na Nick na Nickel. Katika Silesia, Klaus alitamkwa Klose. Wapenzi wa kandanda wanamkumbuka Miroslav Klose, aliyefikisha mabao 16 ya Kombe la Dunia mwaka 2014. Alizaliwa Opole, mji wa Silesia ulioko Polandi, na jina lake linatangaza eneo hilo kabla hata hajafungua mdomo. Kwa majina yao, Klose na Nietzsche wote wawili ni wana wa Nikolaus.

Sasa ule mkia wa -tzsche. Kuanzia karne ya 12 wakulima na mafundi waliozungumza Kijerumani walihamia mashariki ya mito ya Elbe na Saale, katika nchi iliyokaliwa na Waslavu. Hawakuikuta tupu. Wasorbi wa Lausitz, kwa mfano, wapo mpaka leo, takriban 60,000 kwa makadirio ya kawaida, na lugha yao bado inafundishwa shuleni. Watu wa pande mbili waliishi kijiji kimoja, wakaoana, wakauziana ng'ombe, na wakaitana majina kwa midomo ya kila upande. Kilugha, Waslavu hupenda kufupisha jina na kulibandika kiambishi cha mapenzi chenye sauti ya ch au k. Wajerumani wa maeneo hayo wakaizoea ladha hiyo mpaka ikawa yao. Ndiyo maana Saksonia na Silesia zina mfululizo wa majina yanayofanana mkia: Fritzsche kutoka Friedrich, Dietzsche kutoka Dietrich, Jentzsch kutoka Johannes, Pietzsch kutoka Peter. Na kutoka Nikolaus: Nitsche, Nitzsche, Nitschke, Nitzschke, Nitsch, na Nietzsche wetu.

Mtu asikimbilie kusema kwamba kila aliyeitwa Nitsche alikuwa Mslavu. Jina la namna hii linaonyesha mazungumzo ya eneo, halionyeshi damu. Mkulima aliyetoka Franken na mke wake Mjerumani aliweza kabisa kuitwa Nitsche na majirani, kwa sababu hivyo ndivyo Nikolaus alivyoitwa pale. Kosa la kusoma ukabila ndani ya jina limefanywa na watu wengi, akiwamo mwenye jina mwenyewe, kama tutakavyoona.

Turudi kwa karani. Karne kadhaa hapakuwa na tahajia sahihi ya jina la mtu. Mchungaji aliyeandika daftari la ubatizo, karani wa mahakama na mkusanya ushuru waliandika walichosikia, kila mmoja kwa desturi ya mkoa wake. Saksonia ilikuwa na desturi yake: kwa sauti ya ch waliweka tz, kisha kwa usalama wakaongeza sch. Inaonekana hata katika majina ya miji kama Delitzsch karibu na Leipzig, au Zschopau kule milimani. Ile e baada ya i ni urembo mwingine wa kalamu, unaoonyesha i ndefu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa Nitsche kwenye daftari la parokia moja na Nitzsche kwenye lingine, na hakuna aliyelalamika.

Kisha dola ikaingilia. Prussia ilianzisha usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo Oktoba 1874, na kuanzia Januari 1876 sheria ikashika Dola yote ya Ujerumani. Tangu hapo tahajia iliyokuwa kwenye karatasi ikawa ndiyo jina, na kuibadilisha kukahitaji kibali. Waliokutwa na Nitsche walibaki Nitsche na leo ni maelfu. Waliokutwa na i-e na tzsch kwa pamoja walikuwa wachache, wakabaki wachache. Uadimu wa Nietzsche, kwa hiyo, ni wa tahajia. Ukiyakusanya majina yote ya mzizi huo chini ya paa moja, unapata ukoo wa majina uliojaa tele, na mwanafalsafa anakaa humo na msanii wa Vienna Hermann Nitsch na mwanatheolojia Carl Immanuel Nitzsch wa Borna, Saksonia, bila yeyote kulazimika kuwa ndugu wa mwenzake.

Wataalamu wanajuaje jina limetoka wapi? Huchora ramani. Atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani, iliyoongozwa na Konrad Kunze wa Freiburg na Damaris Nübling wa Mainz, ilijengwa juu ya zile laini za simu za 2005, karibu milioni 28, kabla simu za mkononi hazijaifanya orodha ya simu za mezani kuwa tupu. Ramani za Fritzsche na Nitzsche huiva rangi Saksonia na kufifia haraka ukitoka nje yake. Lakini ramani za namna hii zina mitego. Katika Ujerumani Mashariki ya zamani simu ya nyumbani ilikuwa bahati, hivyo orodha za kabla ya 1990 huyapunja majina ya Saksonia bila haki. Na baada ya 1945 mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa Silesia na maeneo mengine ya mashariki, wakatawanywa nchi nzima. Nitschke anayeishi leo karibu na Hannover si ushahidi kwamba jina lilizaliwa Hannover. Babu yake yawezekana alifika na begi moja mwaka 1946.

Friedrich Nietzsche mwenyewe hakuwa na ramani. Alikuwa na hadithi ya ukoo. Kwa mujibu wa hadithi hiyo, akina Nietzsche walikuwa makabaila wa Polandi walioitwa Niëtzky, waliokimbia nchi yao kwa sababu ya imani ya Kiprotestanti. Aliipenda. Mwaka 1888 alimwandikia Georg Brandes, mhakiki wa Denmark, kwamba mababu zake walikuwa makabaila wa Kipolandi, na katika kitabu chake Ecce Homo, alichokiandika mwaka huo huo, alidai kuwa Mpolandi wa damu safi. Alikuwa amewachoka Wajerumani wa enzi ya Bismarck, na nasaba ya kigeni ilimfaa. Dada yake Elisabeth naye aliisimulia hadithi hiyo alipoandika wasifu wa kaka yake.

Waliopekua madaftari ya makanisa hawakumkuta kabaila. Max Oehler, ndugu yao wa upande wa mama aliyefanya kazi katika hifadhi ya nyaraka za Nietzsche huko Weimar, alifuatilia ukoo huo katika miaka ya 1930. Baba wa mwanafalsafa alikuwa mchungaji wa Röcken, karibu na Lützen. Babu alikuwa msimamizi wa makanisa huko Eilenburg. Ukipanda juu zaidi unakutana na ofisa wa ushuru wa mji mdogo wa Bibra, na mwisho unafika Burkau katika Oberlausitz, kwa mchinja nyama. Wote ni watu wa Ujerumani ya kati, wenye majina ya Ujerumani ya kati. Oberlausitz lakini ni nchi ya Wasorbi, kwa hiyo sikio la Nietzsche halikumdanganya kabisa: jina lake lina sauti ya Kislavu ndani yake. Alichokosea ni kuligeuza kuwa ngao ya ukabaila. Mwaka mmoja kabla ya kuandika Ecce Homo alikuwa amechapisha kitabu kizima kuhusu nasaba ya maadili, akiwaonya wenzake wasiamini asili za vitu kama zinavyosimuliwa. Nasaba yake mwenyewe hakuipeleka kwenye darasa hilo.

Jina adimu lina hatari moja ambayo Müller haijui: tawi likikauka, huenda hakuna lingine la kushika. Mwingereza Francis Galton aliuliza swali hilo kihesabu mwaka 1873, na Henry William Watson akamjibu. Jina linalorithiwa na wana wa kiume peke yao huweza kutoweka kwa bahati tu, hata pasipo vita wala tauni, kwa sababu baadhi ya wanaume hawazai na wengine huzaa mabinti pekee. Nyumba ya Röcken ni mfano tosha. Mchungaji alifariki 1849. Mtoto wake mdogo wa kiume, Ludwig Joseph, alimfuata 1850 kabla ya kutimiza miaka miwili. Friedrich hakuoa wala hakuacha mtoto.

Alibaki Elisabeth, aliyeolewa na Bernhard Förster mwaka 1885 na kwa desturi ya wakati ule akawa Bibi Förster. Walikwenda Paraguay kuanzisha koloni la Wajerumani, mume akafia huko 1889, na mjane aliporudi Ujerumani alihangaikia kibali cha kuitwa Förster-Nietzsche. Alikipata, na akalitumia jina hilo mpaka kifo chake 1935, pia bila mtoto. Wanawake wa Ujerumani walisubiri mpaka mageuzi ya 1976 ndipo wenzi waweze kuchagua jina la mke kuwa la familia, na mpaka 1994 ndipo kila mmoja aruhusiwe kubaki na lake. Tangu Mei 2025 wanandoa wanaweza kuyaunganisha majina yote mawili na kuwapa watoto pia. Kile ambacho Elisabeth alikipigania kwa barua za maombi, siku hizi kinatiwa saini katika ofisi ya usajili siku ile ile ya ndoa.