Kabla ya Kumwagiza Fundi Trela ya Shamba

Mkulima msomaji, mazao yakiwa bado shambani si mali kamili. Huwa mali yafikapo sokoni, au kituo cha maziwa, au ghala la chama. Kati ya shamba na soko iko njia, na njia hiyo ndiyo imla faida ya wakulima wengi. Kwa hiyo mtu akisha kuchoka kukodi gari kila wiki, huenda kwa fundi wa chuma na kumwambia, "Niundie trela." Fundi huuliza urefu na upana, bei hupatana, na kazi huanza. Maswali makubwa hayakuulizwa.

Mkulima mmoja wa upande wetu, Nyandarua, aliunda trela yake namna hiyo. Alikopa fedha katika chama cha akiba, akanunua ekseli kuukuu ya gari, na fundi akamtengenezea trela ya kuvutwa na pikapu. Ilikuwa na rangi nzuri ya kijani. Msimu wa viazi ulipofika, akapakia magunia 14 akashika njia ya soko. Kwenye mteremko mkono wa trela ulikatika. Trela ikashuka peke yake, ikapita mlango wa shule, ikaanguka mtaroni. Ilikuwa saa tatu asubuhi na watoto walikuwa wamekwisha kuingia madarasani. Ingekuwa saa moja na nusu, nisingependa kuandika habari hii.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, wala si fundi. Lakini mtu huyo alikuja ofisini kutaka shauri, nami nikaenda pamoja naye kuitazama trela iliyovunjika, na baadaye nikaiona ikiundwa mara ya pili. Mambo niliyojifunza siku zile ndiyo ninayokuletea hapa.

UZITO KWANZA, UREFU BAADAYE

Usianze kwa kupima urefu wa trela. Anza kwa kuhesabu uzito wa mzigo. Gunia la mahindi ni kilo 90, gunia la viazi ni kilo 50, mfuko wa saruji ni kilo 50. Lita moja ya maji ni kilo 1, basi pipa la lita 200 ni kilo 200, na uzito wa pipa lenyewe juu yake.

Sasa tufanye hesabu. Chukua trela ndogo yenye sakafu ya urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, na kuta za kimo cha sentimita 30. Ukiijaza marobota ya nyasi kavu, kila robota huwa kilo 15 hivi, na hata ukiyapanga juu ya kuta mzigo bado ni mwepesi. Lakini ukiijaza mchanga mpaka ukingoni, umepakia karibu kilo 1,400. Trela ni ile ile, na macho huona imejaa mara zote mbili. Ekseli peke yake ndiyo ijuayo tofauti.

Nguvu ya trela si nguvu ya kile kilicho imara zaidi, bali ya kile kilicho dhaifu zaidi. Tazama ekseli, tazama magurudumu, tazama gari litakalovuta. Kile chenye uwezo mdogo kuliko vyote ndicho kipimo chako, na usisahau kwamba uzito wa trela yenyewe umo katika hesabu. Kisha mwambie fundi aandike kipimo hicho kwa rangi ubavuni mwa trela, ili hata kijana atakayeachiwa kazi asiwe na udhuru.

EKSELI IKAE WAPI?

Mafundi wengine huweka ekseli katikati kabisa ya sakafu, maana huonekana vizuri. Hilo ni kosa. Kumbuka ile mizani ya ubao ambayo watoto huketi huku na huku. Ekseli ikiwa katikati, gunia moja tu likisogea nyuma, mbele huinuka. Trela iliyo nzito nyuma huvuta gari juu kwa nyuma, na mwendo ukizidi huanza kutikisika huku na huku kama mkia wa mbwa, mpaka gari nalo hutupwa nje ya njia.

Kanuni ni hii: kwa trela ya magurudumu mawili, uzito unaolalia kifungo cha gari uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa trela na mzigo, au kuzidi kidogo. Kwa sakafu ya mita 2.4, weka ekseli mita 1.44 kutoka ukingo wa mbele, yaani sakafu sehemu sita ziwe mbele ya ekseli na sehemu nne ziwe nyuma. Mkono wa kuvutia ukiwa na mita 1.2, mzigo wa kilo 1,000 uliotandazwa sawasawa utaweka kilo 90 hivi juu ya kifungo, mbali na uzito wa mkono wenyewe. Tazama kitabu cha gari lako ujue kama kifungo chake chaweza kubeba hivyo. Kama hakiwezi, punguza mzigo, usiuhamishe nyuma.

Kwa mkokoteni wa punda sababu ni ile ile, ila kipimo ni kingine. Mnyama hubeba mgongoni ule uzito wa mbele, kwa hiyo uwe mdogo sana, wa kutosha tu miti isiinuke kumkaba tumboni.

Ikiwa siku moja trela itaanza kutikisika nyuma yako, usikanyage breki kwa nguvu, wala usikate usukani huku na huku. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, na acha mwendo upungue wenyewe. Kisha simama upange mzigo upya.

MKONO WA KUVUTIA

Trela ya mwenzetu yule ilikatika mahali ambapo trela nyingi hukatika. Mkono wake ulikuwa chuma kimoja, kimechomelewa kwenye boriti ya mbele tu. Kila shimo la barabara lilikuwa likiukunja mahali pale pale pamoja. Ufa ulionekana majuma mawili kabla, naye akaupaka rangi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba kwa rangi si kuziba.

Mara ya pili fundi alitumia vyuma viwili vilivyokutana mbele kama herufi V. Tena vyuma hivyo havikuishia kwenye boriti ya mbele, bali vilipita chini ya sakafu mpaka kwenye vishikio vya springi za ekseli. Kwa njia hiyo nguvu ya kuvuta huenda moja kwa moja kwenye magurudumu, na boriti ya mbele haikunjwi. Pale vyuma vinapovukana, mwombe fundi achomelee kwa urefu wa chuma, asichomelee kukikata chuma kwa upana, maana chuma hupenda kupasuka kandokando ya mshono wa namna hiyo.

Mkono usiwe mfupi mno. Trela yenye mkono mfupi hugeuka ghafula unaporudi nyuma, na pembe yake hugonga gari. Mkono mrefu kidogo hukutii.

Kisha weka minyororo miwili ya usalama, ambayo trela ya kwanza haikuwa nayo. Ifungwe kwenye fremu ya gari, si kwenye kile kifungo cha kuvutia, nayo ipishane chini ya mkono kama herufi X. Kifungo kikiachana, mkono utaangukia juu ya minyororo hiyo badala ya kuchimba lami. Iwe mirefu ya kutosha kupinda kona, lakini isiburute chini. Ikiwa trela huvutwa na trekta kwa pini, basi pini iwe na kufuli yake ndogo ya kuizuia isiruke.

MAGURUDUMU

Ukiweza, chagua magurudumu yaliyo sawa na ya gari lako, yenye matundu ya bolti sawa. Hapo gurudumu moja la akiba litafaa gari na trela pia. Tena upana kati ya magurudumu ya trela uwe sawa na wa gari. Wakati wa masika trela itafuata mapito ya gari katika matope, badala ya kulima mapito yake mapya.

Ukinunua ekseli kuukuu, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likinguruma au likicheza, beringi zimekwisha. Badilisha kabla ya kazi, tia grisi mpya, na utie tena kila mwaka, na mapema zaidi ukivuka mito. Baada ya safari ya kwanza gusa kitovu cha gurudumu: joto kidogo si neno, lakini kikichoma mkono, simama.

SAKAFU NA KUTA

Mbolea na mkojo wa ng'ombe hula chuma upesi. Sakafu ya mbao nzito iliyotiwa dawa hubadilishwa ubao mmoja mmoja. Sakafu ya bati ikioza hubadilishwa yote. Ukichagua bati, acha matundu ya kupitisha maji. Vyuma vya bomba vizibwe kabisa ncha zote, au vitobolewe chini, maana maji yakiingia na kukaa hula chuma kutoka ndani, mahali usipopaona.

Haya mengine ni mambo madogo yenye faida kubwa. Mlango wa nyuma uwe wa kutoka kabisa. Kuta za juu ziwe za kuchomeka na kuchomoa: zitiwe kwa majani ya ng'ombe au kondoo, ziondolewe kwa mawe. Pete za kufungia kamba ziwe nyingi, tena zichomelewe kwenye fremu, si kwenye bati. Mbele pawe na mguu wa kusimamishia mkono, na sanduku la kabari mbili za kuzuia magurudumu. Usipakie wala kupakua trela iliyofunguliwa kutoka kwa gari kabla ya kuweka kabari hizo na kuegemeza nyuma, maana gunia la nyuma likitangulia kupakiwa, mkono huruka juu ghafula na waweza kuvunja taya la mtu.

KUBEBA TREKTA DOGO AU GARI

Vikundi vingine vya wakulima hununua trekta dogo la pamoja na kulipeleka shamba hadi shamba juu ya trela. Hapa mambo matatu yatakiwa.

Kwanza, madaraja ya kupandia yawe marefu. Sakafu ikiwa na kimo cha sentimita 60, daraja la mita 2.4 hupanda kwa kipimo cha moja kwa nne. Daraja fupi ni mlima, na trekta laweza kupinduka kinyumenyume.

Pili, weka miguu ya kuegemeza chini ya pembe mbili za nyuma. Magurudumu ya trekta yakikanyaga ukingo wa nyuma, uzito wote uko nyuma ya ekseli, na trela hutaka kuinua gari linalovuta.

Tatu, tafuta mahali ambapo trekta likisimama uzito wa mbele huwa sawa na kanuni yetu. Mahali hapo chomelea kizuizi cha gurudumu, ili safari zote lisimame papo hapo. Kisha lifunge pembe zote nne kwa minyororo au mikanda ya kukazia. Gia na breki peke yake hazitoshi.

TAA, SHERIA NA WATU

Trela hufunika taa za nyuma za gari. Kwa hiyo nayo iwe na taa zake nyekundu, za breki na za kuonyesha kona, pamoja na vioo vyekundu vya kuakisi mwanga. Waya wa kurudisha umeme uwe wake mbali, usitegemee chuma cha kifungo, maana grisi na kutu hukata umeme. Trela ipitayo barabara ya umma huandikishwa kwa NTSA na kupewa namba yake, ambayo huanza na herufi Z. Uliza masharti kabla ya kuunda, usingoje kuuliza ukiwa umesimamishwa njiani.

Tena trela si gari la watu. Najua wavunaji huchoka, na jioni trela hurudi tupu. Lakini mtu aketiye juu yake hana cha kushika, na dereva hamwoni akianguka.

Na breki? Trela nyingi ndogo hazina, na breki za gari ndizo huzuia vyote viwili. Basi shuka mteremko kwa gia ile ile ambayo ungepandia, nawe uingie gia hiyo kabla mteremko haujaanza.

Mwenzetu yule alimaliza deni lake la kwanza huku akilipia na trela ya pili. Alipoteza viazi, lakini aliniambia kwamba si viazi anavyoviota usiku, bali mlango wa shule. Sasa kila asubuhi kabla ya safari huizunguka trela yake: kifungo, pini, minyororo, nati za magurudumu, upepo, taa, kamba. Nilimpima kwa saa yangu, na kazi hiyo ilichukua dakika nne. Kata orodha hiyo uibandike mlangoni mwa ghala lako, na siku utakapokwenda kwa fundi, chukua gazeti hili mkononi mkalisome pamoja.