Imani ya Kikristo na Kura Tatu za Tabora
Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, uliofanyika Tabora ulijadili kura tatu, yaani utaratibu wa kikoloni uliomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi, lakini Julius Nyerere, kiongozi wa chama hicho na Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943 na aliyewahi kufundisha shule ya misheni ya St. Mary's mjini humo, aliwashawishi wakubali kushiriki. Ingawa alihudhuria misa mara kwa mara, hakuifanya dini kuwa ilani ya chama, na pengine asingeweza, kwa kuwa Waislamu walikuwa miongoni mwa nguzo za chama hicho. Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU aliyeupinga uamuzi wa kushiriki uchaguzi, alijitenga akaanzisha chama chake.