Picha Kwanza, Aspirini Baadaye

Kando ya Barabara ya Murang'a, Ngara, kemisti hazikosekani, na aspirini hununuliwa kwa sarafu chache. Ndiyo maana mzee akipinda mdomo ghafla na mkono ukalegea, jamaa hukimbilia dirishani kuiomba. Mimi ni mfamasia, nami nasema: usimpe.

Kiharusi kina sura mbili. Ama mshipa wa ubongo umezibwa na bonge la damu, ama umepasuka. Hata daktari bingwa hawezi kuzitofautisha kwa macho. Anahitaji picha ya CT. Ikiwa mshipa umepasuka, aspirini huongeza hatari.

Damu ikiganda, nyuzi za protini iitwayo fibrini husukana kama jarife na kunasa chembe za damu. Mwili una kimeng'enya cha kuzikata, plasmini, lakini hulala mpaka kiamshwe. Kazi ya dawa iitwayo alteplesi ni kukiamsha. Kwa kiharusi cha kuziba, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mapema ndiyo bora. Streptokinesi, itokanayo na bakteria, ni nafuu na imewafaa wengi wenye mshtuko wa moyo. Lakini ilipojaribiwa kwa kiharusi miaka ya 1990, majaribio yalikatizwa kwa sababu wagonjwa walivuja damu ubongoni.

Asidi ya traneksamiki hufanya kinyume: huzilinda nyuzi zisikatwe. Waliitangaza Utako na Shosuke Okamoto wa Japani mwaka 1962. Mwaka 2017, utafiti uitwao WOMAN, uliohusisha akina mama 20,060 katika nchi 21, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba mzazi anayevuja damu akidungwa ndani ya saa tatu, hatari ya kufa kwa kutokwa damu hupungua kwa karibu theluthi. Hiyo ni dawa ya kuwepo katika kila chumba cha kujifungulia.

Mtoto wa kiume ambaye goti humvimba mara kwa mara bila kuumia apimwe hemofilia. Huenda anakosa protini ya kugandisha damu, ya nane au ya tisa, na tiba yake kuu ni kudungwa ile anayoikosa. Naye pia asipewe aspirini wala ibuprofeni.

Kwa mwenye kiharusi, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, beba dawa zake zote, hasa warfarini ya kuzuia damu kuganda, na upige simu hospitali kuuliza kama mashine ya CT inafanya kazi kabla hamjaondoka.